Tezi Dume Iliyokua: Namna ya Kufikia Tiba Isiyo ya Kupasuliwa Tumbo Jijini Nairobi

Mwanamume aliyevuka miaka 50, anayeamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo na kusimama chooni akisubiri mkojo uanze, mara nyingi hufika kliniki akiwa tayari na jina la mashine kichwani. Amesikia kwa rafiki kwamba kuna leza, au mvuke, au tiba inayopitishwa katika mshipa wa damu, na swali lake la kwanza ni bei. Mwongozo huu unafuata mpango mwingine: kwanza vipimo, kisha yale ambayo mgonjwa hayuko tayari kuyapoteza, na mashine mwisho. Anayeanza na mashine anaweza kulipia tiba ambayo tezi yake, kwa ukubwa au kwa umbo, haikuifaa tangu mwanzo.

Tezi dume iko chini ya kibofu na huuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kibofuni. Kijana huwa na tezi ya mililita 20 hivi; umri unavyosonga, sehemu yake ya ndani hukua na kuubana mrija. Ukuaji huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani, ingawa yote mawili yanaweza kukaa katika tezi moja kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu hatua ya kupima hairukwi hata kama dalili zinaeleweka waziwazi.

Hatua ya kwanza: pambanua dharura na shida inayoweza kusubiri miadi

Ukishindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini limejaa na linauma, usingoje asubuhi wala usinywe maji zaidi ukitumaini kuusukuma mkojo. Nenda hospitali yenye kitengo cha dharura usiku huo huo, uwekewe mpira wa mkojo. Vivyo hivyo kwa homa yenye kutetemeka pamoja na maumivu ya kukojoa, na kwa mkojo wenye mabonge ya damu.

Hali moja hufichika kwa sababu haina maumivu. Mzee huanza kulowesha kitanda, familia hudhani ni uzee, na mkewe hununua nepi za watu wazima bila kumwambia mtu. Pengine kibofu kimejaa kupita kiasi kwa miezi, na kinachotoka ni kile tu kinachofurika. Mkojo uliokwama hivyo hurudisha shinikizo hadi kwenye figo, na wapo wanaogunduliwa wakati figo zimekwisha kuathirika. Mzee wa namna hii hahitaji nepi. Anahitaji altrasaundi wiki hiyo hiyo.

Kuna pia mtego wa msimu. Baridi ya Juni na Julai inapoingia Nairobi, watu hununua dawa za mafua dukani bila kuandikiwa. Dawa zenye pseudoefedrini, na zile za mzio za aina ya zamani zinazoleta usingizi, kama klorofenamini, hukaza shingo ya kibofu au hudhoofisha msukumo wake, na mwanamume aliyekuwa akijikokota vizuri hujikuta amezibwa kabisa. Mwambie mfamasia kwamba una shida ya tezi kabla hajafungua droo.

Hatua ya pili: andika nyumbani kabla ya kwenda kliniki

Kwa siku tatu, andika saa ya kila haja ndogo, kiasi kilichotoka, na ulichokunywa. Jagi la plastiki lenye alama za mililita, lile la kupimia unga jikoni, linatosha likitengwa kwa kazi hiyo peke yake. Andika hata chai ya saa tatu usiku, kwa maana wengi hugundua kwa mwandiko wao wenyewe kwamba nusu ya safari zao za usiku zilianzia kwenye chupa ya chai. Na ikiwa sehemu kubwa ya mkojo wa siku nzima inatoka usiku, tatizo linaweza kuwa moyo, miguu iliyovimba, kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini, au kisukari, na hakuna leza itakayolitatua.

Jaza pia hojaji ya kimataifa ya dalili za tezi dume, inayojulikana kwa kifupi kuwa IPSS. Ina maswali 7, kila moja likibeba alama 0 hadi 5, hivyo jumla haizidi 35. Alama 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 ni za wastani, na 20 kwenda juu ni kali. Swali la ziada mwishoni huuliza ungejisikiaje kama ungeishi na hali hii maisha yako yote. Mimi hulipa swali hilo uzito kuliko yote saba, kwa sababu dereva wa matatu anayekwama Thika Road kwa saa moja unusu na mwalimu mstaafu mwenye choo hatua kumi kutoka kitini wanaweza kupata alama sawa kabisa, ilhali haja yao ya matibabu hailingani hata kidogo.

Hatua ya tatu: pima, na uchukue nakala za majibu

Vipimo vya msingi havihitaji hospitali kubwa. Hospitali za kaunti kama Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ni mahali pazuri pa kuanzia, na kutoka huko mgonjwa hupewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwenye bima ya kibinafsi anaweza kwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo katika hospitali za kibinafsi kama vile Aga Khan iliyoko Parklands, Nairobi Hospital au Mater.

Damu hupimwa sukari, kazi ya figo na PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume. Mkojo hupimwa maambukizi. Kuhusu PSA, jambo la kujua ni kwamba hupanda pia kwa sababu zisizo saratani: maambukizi, mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, hata tendo la ndoa katika siku mbili zilizotangulia. Kwa hiyo usipimwe ukiwa na mpira au homa, wala usishtuke kwa jibu moja, rudia kwanza. Wanaume wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume, kwa hiyo daktari akiomba picha ya MRI au kutoa kipande cha tezi kwa uchunguzi kabla ya tiba yoyote, mwache afanye kazi yake.

Daktari atapima pia kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hapa ndipo wengi hupotea wasirudi. Kipimo chenyewe huchukua muda mfupi kuliko kuvua na kuvaa suruali, na kinamwambia daktari kama tezi ni laini au ina uvimbe mgumu, jambo ambalo altrasaundi ya tumbo haimwambii.

Altrasaundi hutoa namba mbili unazopaswa kuzijua kwa kichwa: ujazo wa tezi, na kiasi cha mkojo kinachobaki baada ya kukojoa. Ya pili hupatikana tu ukipimwa, ukaenda chooni, ukarudi ukapimwa tena. Ukiona mpimaji anakuaga bila kukutuma chooni, muulize kwa adabu.

Kisha kuna kipimo cha kasi ya mkojo. Unaingia katika chumba kidogo, unakojoa ndani ya faneli iliyo juu ya chombo kinachopima, na mashine huchora mstari. Kwa mtu asiyezibwa, mstari hupanda haraka kupita mililita 15 kwa sekunde na kushuka; kwa aliyezibwa hutambaa chini ya 10 kwa muda mrefu, ukikatika na kuanza tena. Kipimo hakiaminiki ukitoa chini ya mililita 150, na hilo hutokea mara nyingi, kwa kuwa si rahisi kukojoa huku ukijua foleni iko nje ya mlango. Kunywa maji, subiri hadi ubanwe kweli, kisha urudie.

Ukiwa uliwahi kuugua kisonono zamani, au uliwahi kuwekewa mpira kwa shida, sema. Kovu katika mrija wa mkojo huleta dalili zile zile za tezi, na tiba yake ni nyingine kabisa. Kifaa chembamba chenye kamera kikipitishwa katika mrija huonyesha kovu, na pia huonyesha kama sehemu ya kati ya tezi imechomoza ndani ya kibofu, habari itakayohitajika katika hatua ya tano.

Hatua ya nne: jaribu dawa kwa haki, lakini usikae nazo milele

Dawa za kulegeza misuli ya shingo ya kibofu, kama tamsulosini, huanza kusaidia ndani ya siku chache. Zinaweza kuleta kizunguzungu unapoinuka na kupunguza manii yanayotoka, na mtu anayetarajia upasuaji wa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kwamba anazitumia. Dawa za kupunguza tezi, kama finasteridi na dutasteridi, hufaa tezi kubwa, huchukua miezi 3 hadi 6 kabla ya kuonyesha kazi, na hushusha PSA kwa karibu nusu; asiyelijua hilo husoma jibu la maabara akadhani yuko salama.

Unga wa mitishamba unaouzwa kando ya barabara ni habari nyingine. Kweli upo mti wenye jina katika jambo hili, Prunus africana, unaoota msitu wa Kakamega na miteremko ya Mlima Kenya, na magamba yake yamekuwa yakipelekwa Ulaya kutengenezwa dawa ya tezi, hata biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa tangu 1995. Majaribio ya dawa hiyo yalionyesha nafuu ya kiasi, ila yalikuwa madogo na mafupi, na unga wa mkebe usio na lebo haukupimwa katika jaribio lolote. Madhara yake makubwa ni muda unaopotea.

Dawa hazitoshi tena, na tiba ya kuingilia tezi yenyewe hupendekezwa, pale mkojo unapoziba tena na tena, maambukizi yanaporudi, mawe yanapotokea kibofuni, damu inapoendelea kutoka, au figo zinapoathirika. Nje ya hayo, uamuzi ni wako: kama dawa hazikusaidii, au hutaki kuzimeza maisha yote.

Hatua ya tano: linganisha tiba na namba zako

Katika matibabu yote yanayoelezwa hapa tumbo halipasuliwi. Yanatofautiana kwa kiasi cha nyama yanachoondoa, na kwa kawaida yanayoondoa zaidi hufungua mkojo zaidi, hudumu zaidi, na huchukua zaidi kwa upande mwingine.

Iliyo kongwe na inayopatikana kwa urahisi zaidi ni TURP. Mgonjwa huchomwa ganzi ya uti wa mgongo, kifaa chenye kamera hupitishwa katika mrija, na waya wa umeme hukwangua sehemu ya ndani ya tezi kipande kwa kipande. Ukiifikiria tezi kuwa chungwa, TURP huchota nyama ya ndani kwa kijiko, ilhali HoLEP, ambayo hutumia leza, huibandua nyama yote kutoka kwenye ganda, huisukuma kibofuni na kuisaga huko ili inyonywe nje. TURP hufaa tezi za mililita 30 hadi 80 hivi. HoLEP haina ukomo wa ukubwa, na humwokoa mwenye tezi ya mililita 120 ambaye zamani asingekwepa kisu cha tumboni. Zote mbili hutoa nyama ya kupelekwa maabara kuchunguzwa saratani. Kwa TURP, uliza kama mashine inatumia maji ya chumvi. Aina ya zamani hutumia kimiminika ambacho kikiingia kwa wingi katika damu huweza kushusha kiwango cha chumvi mwilini kwa hatari.

Gharama yake isiyotajwa wazi ni hii: baada ya TURP, takribani wanaume wawili kati ya watatu hufika kilele lakini manii hayatoki, hurudi kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. HoLEP haina tofauti kubwa katika hilo. Nguvu za kusimamisha ni jambo lingine, na kwa wengi hazibadiliki. Kwa mwanamume wa miaka 68 asiyetarajia mtoto hili huenda lisiwe kitu. Kwa aliyeoa tena akiwa na miaka 52, linaweza kuwa ndilo jambo lenyewe, na inafaa mke awepo kwenye mazungumzo na daktari badala ya kuligundua nyumbani.

Asiyetaka kulipoteza hilo huangalia tiba nyepesi zaidi. Rezum huingiza mvuke wa maji ndani ya tezi kwa sindano, sekunde 9 kila mchomo, na seli zilizoungua huyeyuka polepole. Hufaa tezi za mililita 30 hadi 80. Usitarajie mkojo kufunguka kesho yake: mpira hukaa siku kadhaa, mkojo huwaka, na nafuu kamili huja baada ya wiki hadi miezi 3. UroLift haiondoi chochote. Huvuta mbavu za tezi kando kwa vishikizo vidogo vya chuma vinavyobaki humo. Nafuu yake huja mapema na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila huenda isimfae mtu ambaye sehemu ya kati ya tezi imechomoza kibofuni. Katika majaribio yaliyofuatilia wagonjwa kwa miaka 5, karibu 14 kati ya kila 100 waliofanyiwa UroLift walihitaji tiba nyingine ya kuingilia tezi, na 4 au 5 kati ya kila 100 kwa Rezum. Majaribio hayo hayakufanywa bega kwa bega, kwa hiyo namba hizo ni za kukuongoza tu.

Kisha ipo tiba ya kuziba mishipa ya damu inayolisha tezi. Hii hufanywa na daktari bingwa wa radiolojia, si mpasuaji: mrija mwembamba huingizwa katika mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono, huongozwa kwa eksirei, na chembe ndogo sana humiminwa ili tezi ikose damu na kusinyaa. Mgonjwa huwa macho. Inafaa hasa tezi kubwa, na mtu ambaye ganzi kubwa ingemhatarisha moyo. Mwenye figo dhaifu awe mwangalifu kwa sababu ya dawa ya kung'arisha mishipa kwenye eksirei, na mwenye mishipa iliyokakamaa huenda njia isipitike. Maumivu ya nyonga na kukojoa mara kwa mara kwa siku chache za kwanza ni kawaida.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulizie leza ya kijani, inayoyeyusha nyama huku ikiziba mishipa, akijua kwamba hakuna kipande kitakachobaki kwa ajili ya maabara. Na mwenye tezi ndogo, chini ya mililita 30, huenda akatosheka na mkato mdogo wa shingo ya kibofu.

Maoni yangu ni haya: TURP inayofanywa na mkono uliozoea ni bora kuliko leza mpya katika mkono unaojifunza. HoLEP hasa ni kazi ngumu, na mpasuaji huhitaji kufanya makumi ya wagonjwa kabla hajatulia.

Hatua ya sita: uliza, kisha hesabu fedha

Anza na daktari mwenyewe. Jina lake liko katika rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, ambayo yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Halafu sema: "Daktari, naomba kuuliza, umefanya tiba hii kwa wagonjwa wangapi, na ikishindikana katikati mtafanya nini?" Daktari mzuri haudhiki. Uliza pia mpira utakaa siku ngapi, na kwa nini amechagua tiba hiyo kwa tezi ya ukubwa wako. Ukipewa jibu lisilotaja hata namba moja kati ya zile za hatua ya tatu, tafuta maoni ya pili.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya taifa ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisha umesajiliwa kwa kupiga *147#, na kwamba michango yako haijakatika, kabla ya kupanga tarehe. Omba hospitali ikuandikie makadirio yanayotenganisha kitanda, ganzi, mpasuaji, maabara na vifaa. Vifaa ndipo mshangao unapojificha: sindano ya mvuke na vishikizo vya UroLift hutumika mara moja tu na kutupwa, kwa hiyo bei yake humwangukia mgonjwa mmoja. Pata idhini ya bima kwa maandishi, ikitaja tiba kwa jina.

Hatua ya saba: siku yenyewe na wiki zinazofuata

Maambukizi ya mkojo hutibiwa kwanza. Dawa za kuzuia damu kuganda husimamishwa kwa amri ya daktari tu, kamwe si kwa ushauri wa jirani, hasa kwa mwenye kifaa cha chuma kilichowekwa moyoni.

Baada ya TURP au HoLEP utaamka na mpira wenye njia tatu, maji yakiingia kwa njia moja na kutoka kwa nyingine yakiwa mekundu, kisha ya waridi, kisha karibu meupe kufikia kesho yake. Ukirudi nyumbani na mpira, mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu daima, hata ndani ya gari, na usigusane na sakafu. Kunywa maji ya kutosha mchana na upunguze baada ya saa moja jioni. Kula mboga na matunda, maana kujikamua chooni huanzisha damu upya. Kwa wiki 4 hadi 6 usibebe mtungi wa gesi wala gunia, na bodaboda ziache zipite. Damu kidogo inaweza kurudi kati ya siku ya 10 na ya 14, gamba la kidonda linapobanduka. Ongeza maji na upumzike. Ikija na mabonge, au mkojo ukiziba, au joto la mwili likifika nyuzi 38, rudi hospitalini mara moja.

Majibu ya maabara ya nyama iliyotolewa yafuate mwenyewe, maana simu isiyopigwa haimaanishi kuwa hakuna kitu. Rudia kipimo cha kasi ya mkojo baada ya miezi 3 na ukilinganishe na mstari wa kwanza. PSA nayo ipimwe upya wakati huo, na kiwango hicho kipya ndicho kitakachotumika kama msingi, kwa kuwa sehemu ya nje ya tezi, ambako saratani nyingi huanzia, bado imo mwilini. Na mkojo uliokuwa umefunguka vizuri ukianza kuwa mwembamba tena ndani ya mwaka wa kwanza, mwambie daktari aangalie kovu katika mrija kabla ya kuilaumu tezi.